Mchezaji wangu kakatika ACL na kakata tamaa. Nimtafutie aliyepona aongee naye au ntazidi kumharibu?

KochaWaIgoma

Mwangaluka wadau. Uzi ni mrefu kidogo naomba mnivumilie maana nimekwama kweli.

Nafundisha timu ya mabinti huku Igoma, Mwanza, timu ya mtaa tu, jezi za kuchangishana na mipira mitatu ambayo miwili ina viraka. Nina kiungo wangu ana miaka 19, sisemi kwa kuwa ni wangu ila yule mtoto ana mguu, ndoto yake ni siku moja avae jezi ya Alliance Girls. Tulikuwa na mechi ya kirafiki pale Nyamagana kwenye zile nyasi bandia, hakuguswa na mtu, kapokea mpira akataka kugeuka nao ghafla, mguu ukabaki mwili ukaenda, tukasikia "ko!" mpaka sisi wa benchi. Mi nikajua kateguka tu. Kumbe ile kamba ya ndani ya goti, ACL, imekatika yote. Tumehangaika na bima, tumehangaika na michango mpaka kwa wauza dagaa, akafanyiwa operesheni, leo yuko wiki ya 11.

Sasa tatizo wala sio goti tena. Fizio wake, yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo, anasema goti linaenda, kidonda kimefunga, uvimbe umepungua. Tatizo ni mwenyewe. Hataki kulikunja, hataki kulikanyagia, mazoezi ya nyumbani hafanyi ila ukimuuliza anasema amefanya, mama yake ndo kaniambia ukweli. Anashinda ndani na simu. Wenzake wakienda kumjulia hali anajifanya kalala.

Nikasema ngoja nimtafutie mtu aliyepitia. Nikampata jamaa mmoja alicheza ligi kuu miaka ya nyuma, aliumia goti hilohilo akarudi uwanjani. Muungwana sana, kaja mpaka nyumbani, kakaa na binti saa nzima. Kamwambia "mimi mwezi wa 6 tangu operesheni nilishakuwa nacheza, hii kitu ni kichwa tu, ukiamua umeamua". Tukatoka pale mimi na mama yake roho nyeupe. Wiki hiyohiyo binti akaacha hata yale mazoezi machache aliyokuwa anafanya. Mama kamuuliza kulikoni, kajibu "yule ni mwanaume alafu staa, mi hata chooni nabebwa".

Hiyo sentensi haijanitoka kichwani mpaka leo.

Naomba kujua hii ya kumleta mtu aliyepitia inafanya kazi kweli au ni sisi makocha tu tunapenda hotuba? Na kama inafanya kazi, ni mtu wa aina gani, maana mi nlidhani nimeleta wa juu kabisa.

SatoWaMwaloni

Kocha mpeleke ziwani asubuhi awe anatembea kwenye maji yanayomfika kiunoni, maji yanabeba uzito. Wazungu wanalipia hiyo huduma sisi tunayo ya bure.

Mzee_Sengerema

Huku kwetu kuna mzee anakanda na mafuta siku saba tu mtu anaruka kichurachura. Siku hizi hamna hata foleni ya kivuko, piteni daraja la Kigongo Busisi mje

mtu_wa_fizio

Kocha pole na kazi. Mi ni mtu wa fizio hapahapa jijini, ninapofanyia tupaache. Nianze na hao wa juu. Sato, wazo la maji sio la kijinga, watu wa magoti tunawatembeza kwenye bwawa kweli, ila ziwani kwetu hapana, kichocho kipo na yale mawe ya ufukweni yana utelezi, ateleze wiki ya 11 tuanze moja. Mzee wangu wa Sengerema shikamoo, lakini ndani ya lile goti kuna kamba mpya imeshikizwa, tunasubiri mwili uipokee, ukiikanda na kuivuta humsaidii mtu.

Turudi kwa kocha. Wazo lako ni zuri sana, ulikosea mtu.

Kuna mwanasaikolojia anaitwa Albert Bandura, mwaka 1977 aliandika kuhusu ile imani ya mtu kwamba jambo fulani analiweza, inatoka wapi. Kubwa kuliko yote ni kulifanya mwenyewe ukaona umeliweza. Inayofuata ni kumuona mtu wa kufanana na wewe akiliweza. Maneno ya kutiwa moyo nayo yana nafasi yake ila yana nguvu ndogo kuliko hizo mbili, na hali ya mwili wenyewe pia inaingia humo, moyo kwenda mbio, kijasho, woga. Sasa angalia ulichompa binti: maneno. Saa nzima ya maneno. Na aliyeyasema hafanani naye hata ukucha.

Alafu kuna kitu ambacho sisi wenyewe wa hospitali tulichelewa kukielewa. Watu wa kuigwa wako wa aina mbili. Kuna yule aliyeshamaliza, anakuonyesha kitu kinavyofanyika bila kosa. Na kuna yule anayehangaika mbele ya macho yako, anaanza na woga, anakosea, anakwambia hapa panauma, anatafuta namna, anapata. Mtu mwenye woga ukimuonyesha wa kwanza anachokiona ni umbali, basi. Wa pili ndo anamwambia "kumbe kuogopa nako kumo".

New Zealand waliwahi kulijaribu hili, utafiti ulitoka 2006, wagonjwa wa ACL hao hao. Kundi moja likaonyeshwa video za wagonjwa wenzao wa kawaida waliokwishafanyiwa, wanaonekana wanavyotembea na magongo, wanavyofanya mazoezi, wanasema wapi palikuwa pagumu na walipitaje. Walioziona hizo video matarajio yao ya maumivu yalishuka hata kabla ya kuingia chumba cha upasuaji, na wakawa na imani zaidi na magongo yao kuliko ambao hawakuziona. Na hao wa kwenye video hakuna hata mmoja aliyekuwa staa.

Kwa hiyo mi ningekuwa wewe ningetafuta binti. Umri uleule au karibu yake, operesheni ileile, na asiwe amemtangulia mbali, miezi mitatu minne inatosha kabisa, yaani bado anachechemea kidogo jioni, bado anaenda fizio. Asije na hotuba. Aje wafanye zoezi pamoja. Na asifiche panapouma.

Muulize fizio wake, sisi tunawajua hao watu, tunawaona kila wiki wakipishana kwenye korido. Ila lazima aombe ruhusa kwa wote wawili kwanza, habari za mgonjwa sio za kugawa.

Gunner_Kirumba

Mtumie na za Arsenal ya wanawake kocha. Ule msimu wa 2022/23 walikatika ACL wanne timu moja, Beth Mead mwezi wa 11, Miedema mwezi wa 12, Leah Williamson mwezi wa 4, Wienroither mwezi wa 5. Wanne! Na kila aliyefuata alikuwa na mwenzake aliyemtangulia palepale klabuni. Hao ni mabinti, sio kama yule staa wako

GA_Mabatini

Gunner umeongea vizuri ila Beth Mead hajawahi kuwa na choo cha kuchuchumaa Mabatini 😂

Kocha mimi ni huyo binti yako, miaka kadhaa nyuma. Netiboli, nlikuwa nacheza GA (goal attack, mmoja wa wafungaji), nimeruka kudaka nikatua mguu mmoja. Nikafanyiwa. Sasa kwetu ni juu kule kwenye mawe, bodaboda inakuacha chini, kutoka hapo ni ngazi, zile za kuchonga na nyingine za saruji kila moja na kimo chake, kaka yangu alinipandisha mgongoni kama gunia la mkaa na majirani wote wametoka kuangalia. Nikaapa sishuki tena mpaka nipone. Unaona hapo nilivyokuwa najidanganya, maana bila kushuka sifiki fizio na bila fizio siponi.

Waliokuja kunitia moyo ni wengi. Mwalimu, mchungaji, shangazi zangu wote wanne. "Utapona tu", "Mungu yupo", "jikaze". Sikatai, walinipenda. Ila hakuna hata mmoja aliyejua usiku nalala na goti limenyooka kwa sababu naogopa nikilikunja nitasikia ile "ko" tena.

Wiki ya 9 nikalazimishwa kwenda fizio, nimekaa kwenye benchi, kando yangu kuna dada mmoja, mcheza mpira, anauza chipsi Buzuruga, yuko mwezi wa 5. Hakunisalimia hata. Aliangalia magongo yangu akauliza "choo unaendaje?"

Nlicheka mpaka machozi yakatoka, alafu machozi yakaendelea yenyewe. Hakuna mtu alikuwa ameniuliza hilo. Akanielekeza pale pale: chukua kiti cha plastiki kile cha kawaida, kisu cha moto, toboa katikati, weka juu ya tundu. Jioni ile kaka akakitoboa. Kesho yake nikaenda chooni mwenyewe kwa mara ya kwanza tangu operesheni, na nawaambia ukweli hakuna bao nililowahi kufunga lililonipa furaha kama ile.

Kwa hiyo kocha binti anapokwambia "mi hata chooni nabebwa" anakupa jibu lote hapo, sijui kama umelisikia.

Cha pili huyo dada alikuwa na kaunta buku. Kila wiki ameandika. Nakumbuka baadhi maana nilikaa nayo wiki nzima naisoma kama gazeti (kunja ni digrii za goti, paja ni sentimita):

"Wiki ya 7. Kunja 100. Nimelia."
"Wiki ya 8. Kunja 95. IMERUDI NYUMA. Fizio anasema kawaida. Sio kawaida!!"
"Wiki ya 10. Paja bovu 41, zima 44 na nusu."
"Wiki ya 12. Leo nimemchukia kila mtu. Ngazi 14."

Paja alikuwa analipima na tepu ya fundi cherehani, anahesabu vidole kutoka juu ya pia ya goti anaweka alama na kalamu ili kila wiki apime palepale. Nikaanza na mimi. Wiki ya kwanza langu lilikuwa limepungua kuliko lake na wala sikuumia, maana kwenye daftari nimeona lake lilianzaje na niliona kabisa lilikuwa linapanda, nusu senti, hamna, nusu senti, hamna, senti moja.

Na ngazi. Alikuja mpaka kwetu Jumamosi moja, akasema tunapanda. Yeye mbele mimi nyuma. Kupanda mguu mzima unatangulia, kushuka mguu mbovu unatangulia, hiyo hata fizio alishaniambia mara kumi, ila kumuona mtu akifanya kwenye ngazi zako mwenyewe ni kitu kingine. Tumefika ya tisa hivi, ile ndefu kuliko zote, akasimama, akashika jiwe la ukutani, akasema "subiri, hii naiogopa". Akahema. Akapanda. Hakugeuka kuniangalia kama nimemuona. Mimi nikasimama kwenye ya tisa, nikashika jiwe lilelile palepale alipolishika, lilikuwa bado lina jasho lake.

Mpaka leo hajawahi kuniambia utapona.

Namba6_Nyegezi

Samahanini naomba niharibu sherehe kidogo maana naona wote mnasifia.

Mimi wenzangu ndo walioniponza. Tulikuwa na grupu la wasapu la wenye magoti, wachezaji wa mtaani na wa vyuo, mwanzoni lilikuwa raha, mnapeana moyo, mnatumiana picha za makovu. Baadaye likageuka mashindano. Mmoja anatuma video mwezi wa 4 anakimbia barabarani, mwingine mwezi wa 5 anapiga danadana, na mimi nipo mwezi wa 5 naambiwa na fizio bado. Nikaona fizio ananichelewesha. Jamaa mmoja kwenye grupu kila siku wimbo wake Zlatan, yule mshambuliaji wa Man United enzi hizo, Zlatan kaumia goti mwezi wa 4 mwaka 2017 akarudi mwezi wa 11 mwaka huohuo, na alipoumia alikuwa na miaka 35, "we una 22 unasubiri nini". Tukasahau kwamba Zlatan alikuwa analala na madaktari na sisi tunalala na mbu.

Mwezi wa 6 nikaingia uwanjani, mechi ya ndondo, dakika kama ya 20. Sikuwa na maumivu hata chembe kabla ya hapo, goti limekauka kabisa, najiona mzima. Ko. Ileile. Operesheni ya pili, na hii ya pili usiombe, pesa za kuchangiwa mara mbili watu wanakuangalia kwa jicho lingine kabisa.

Kwa hiyo kocha ukimletea mwenzake hakikisha hawalinganishi tarehe. Mimi jamaa zangu walikuwa wa kweli, wameumia kweli, hawakunidanganya kitu. Ila kila mmoja alikuwa ananionyesha LINI, hakuna aliyenionyesha VIPI.

mtu_wa_fizio

Namba6 pole sana kaka, na uko sahihi, nilitakiwa niliseme mapema.

Kocha zingatia hapa maana ndo mtego wenyewe. Kamba mpya ikishawekwa haianzi kuwa na nguvu ikaendelea kupanda tu, miezi ya mwanzo inadhoofika kwanza wakati mwili unaijenga upya, ndo baadaye inaimarika. Sasa maumivu na uvimbe vinaondoka mapema kuliko hiyo kazi ya ndani kwisha. Kuna kipindi mgonjwa anajisikia mzima na hajawa mzima, Namba6 aliingia hapo. Watafiti wa Delaware na Oslo walitoa kazi yao 2016, kwa kila mwezi mmoja ambao mchezaji aliahirisha kurudi, mpaka kufika mwezi wa 9, hatari ya kuumia tena ilishuka kwa kama asilimia 51. Nusu nzima kwa mwezi mmoja wa subira! Baada ya mwezi wa 9 hapo kuahirisha zaidi hakukuongeza kitu.

Na hata ukifika mwezi wa 9 sio kalenda inayokupa ruhusa, tunapima, nguvu ya paja na kuruka kwa mguu mmoja, mguu ulioumia ufike angalau asilimia 90 ya ule mzima.

Yule staa wa kocha aliposema "mwezi wa 6 nilikuwa nacheza" alikuwa anasema ukweli wake, na ulikuwa na madhara pande zote mbili: binti mwenye woga unamvunja, binti mwenye haraka unampeleka alikoenda Namba6.

Kwa hiyo yule mwenzake atakayekuja kazi yake ni kumuonyesha jinsi ya kuishi na goti. Kupanga mazoezi, kuongeza uzito, kusema sasa kimbia, hiyo ni ya fizio wake. Waambie wote wawili waziwazi siku ya kwanza.

Na msiidharau hofu. Kuna hesabu za 2014 zilizojumlisha tafiti nyingi, waliofanyiwa ACL kama asilimia 81 walirudi kwenye michezo ya namna fulani, ila waliorudi kwenye mashindano ni 55 tu. Hapo katikati kuna watu wengi ambao goti lenyewe lilikuwa limekubali.

MamaJ_Ilemela

Samahani nauliza, je ni lazima awe mchezaji? Mwanangu kavunjika mguu kwa bodaboda mwezi wa tatu huu hataki kuachia gongo

mtu_wa_fizio

Sio lazima mama. Mtafutie aliyevunjika mfupa uleule, aliyeachia gongo juzijuzi. Ila kwanza mrudishe kwa daktari wake picha ithibitishe mfupa umeshika, isije kuwa anakataa kwa sababu kweli bado.

GA_Mabatini

Kocha nyongeza. Huyo mtakayempata naye ni mgonjwa msimsahau. Mpe nauli, mpe soda, usimfanye kazi ya bure ya kumlea mwenzake kila siku. Na usikae pale wakati wanaongea. Nyie makocha mkikaa tu mtu anaanza kujibu kama yuko kwenye intavyuu.

KochaWaIgoma

Wadau nimerudi, ni wiki ya tatu sasa tangu nifungue huu uzi. Wabeja sana, sikutegemea.

Nilianza na kiti. Nikanunua cha plastiki nikakitoboa mwenyewe kwa kisu cha moto, nikaungua kidole gumba, nikakipeleka kimefungwa kwenye kanga ili majirani wasione. Binti alikiangalia muda mrefu akauliza "nani kakwambia?" Nikamwambia dada mmoja wa netiboli wa Mabatini. Akasema "na yeye alikuwa anabebwa?" Hilo ndo swali la kwanza ameniuliza tangu aumie.

Nikaenda kwa fizio wake nikamueleza. Akaniambia yupo binti mmoja wa Kisesa, miaka 21, yuko mwezi wa 6, naye alikuwa mgumu sana mwanzoni. Akawaomba wote wawili wakakubali, huyu wangu alikubali kwa kununa lakini alikubali.

Siku ya kwanza niliharibu. Nilikaa pale pale (GA usinicheke) na nikaongea mimi, nikaanza "unaona mwenzako, unaona anavyojituma", mpaka wa Kisesa akaniambia kwa adabu kabisa "kocha tunaomba utuachie kidogo". Nikatoka nikakaa nje na mama yake tukachambua dagaa. Ndani kimya dakika kumi hivi. Alafu tukasikia wanacheka. Mama mtu akaacha dagaa akanishika mkono.

Wiki ya pili wa Kisesa goti likamvimba. Nikajua imekwisha, binti wangu akimuona hivi anarudi ndani na simu yake. Nikataka kumpigia asije. Akaja hivyohivyo, na barafu ya mia ya kwenye mfuko wa nailoni, akakaa sakafuni akaiweka juu ya goti akasema juzi alibeba ndoo mbili za maji kwa pamoja na fizio kashamgombeza, siku mbili anapumzisha alafu anaendelea. Basi. Akafanya mazoezi ya mguu mzima. Binti wangu akamwangalia, akavuta taulo akaliweka chini ya kisigino akaanza kunyoosha lake, bila kuambiwa na mtu. Namba6 nilikukumbuka pale, tarehe haikutajwa hata moja.

Sasa amenunua kaunta buku. Kilichomo sijui, kwa juu kaandika KOCHA USIFUNGUE. Tepu ya fundi cherehani kamuomba jirani na hajairudisha, jirani kaja kuniuliza mimi.

Jumamosi wanaenda kujaribu zile ngazi za Mabatini kwa GA, fizio karuhusu kumi tu, za chini. Niliuliza kama naweza kuja nao. Nimejibiwa nitume nauli.